Mafuta Ambayo Mama Hakuyala

Kwenye rafu ya juu ya kabati letu la jikoni, nyuma ya chumvi, kuna mkebe wa majarini ambao hauna majarini. Ndani yake kuna duara la mafuta ya mbuzi, jeupe, gumu kama kipande cha sabuni, lenye alama ya kidole gumba cha shosho pembeni. Limeanza kunuka. Mama ameniambia mara tatu nilitupe. Baba anasema litaleta panya. Nimewajibu wote wawili, kwa heshima zangu zote, ambazo si nyingi, kwamba atakayelitupa tutakosana mpaka nimalize Kidato cha Nne. Huo ni ushahidi, na ushahidi hautupwi kwa sababu unanuka.

Wakati mambo haya yanatokea nilipaswa kuwa shuleni. Nasoma bweni, upande wa Njoro, na naibu mwalimu mkuu wetu huongea kwa pua kana kwamba ana mafua tangu azaliwe. Sauti yake naiweza kuliko yeye mwenyewe. Jumamosi moja nilikuta mlango wa chumba cha kipaza sauti umeachwa wazi, na mlango ukiachwa wazi mbele yangu huwa nauchukulia kama mwaliko. Nikatangaza, kwa pua, kwamba wasichana wote watoe magodoro uwanjani yakaguliwe kunguni. Mabweni mawili yalitii. Kunguni walipatikana kweli, lakini hakuna aliyenishukuru. Nilipewa wiki mbili za kukaa nyumbani na barua iliyosema nirudi na mzazi.

Nyumbani ni nje kidogo ya Molo, kwenye baridi na viazi. Baba anaendesha lori la viazi mpaka Mombasa, kwa hivyo nyumbani tunamjua zaidi kwa sauti ya simu. Tunaishi mama, mimi na shosho. Shosho ndiye mama yake baba, na mimi ndiye niliyepewa jina lake, kwa hivyo hatuitani kwa jina. Ananiita mwenzangu na mimi namwita mwenzangu. Ukimtukana yeye umenitukana mimi, hata kama ulikuwa hunijui.

Nilipofika na sanduku langu la bati, mama alikuwa ndiyo tu ametoka kupasuliwa. Kwa mwaka mzima alikuwa anashika ubavu wa kulia kila akila kitu kizito, na picha ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Hospitali moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, si kwa uoga bali kwa sababu mama ameniomba, ikamtoa huo mfuko kupitia vitundu vinne vidogo. Alilala huko usiku mmoja. Alirudi na plasta nne, mawe yake ndani ya kichupa, na karatasi ya maagizo iliyotolewa nakala ya nakala mpaka maneno yalikuwa yanaonekana kama yanaondoka. Lakini neno moja lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu: asile mafuta.

Sasa, kwetu mtu aliyekatwa na kisu, hata kama ni tundu la kalamu, lazima anywe supu ya kichwa na miguu mpaka damu irudi. Hilo halijadiliwi. Shosho alikuwa na mbuzi mmoja dume aliyekuwa anamnenepesha kwa ajili ya Krismasi, na siku mama aliporudi, Krismasi ya huyo mbuzi ilifika mapema. Kabla ya kuweka sufuria motoni shosho aliniita nimsomee ile karatasi. Nikamsomea. Akauliza kama ni mafuta yote au ni ya kupikia tu. Nikamwambia imesema yote. Akakaa kwenye kigoda akafikiri, kisha akaenda kuchinja.

Supu ilichemka kutoka saa sita mpaka jioni. Haikupelekwa kwa mgonjwa. Shosho aliitoa nje, akaifunika kwa sinia, akaiweka juu ya jiwe kando ya tangi la maji, akalipachika jiwe lingine juu ya sinia kwa ajili ya mbwa. Baridi ya Molo mnaijua au mmeisikia. Asubuhi mafuta yote yalikuwa yamepanda juu na kuganda, kifuniko kizima kilichokaza kutoka ukingo mpaka ukingo. Shosho alipitisha kisu pembeni mwa sufuria, akaingiza vidole, akakinyanyua kikiwa kizima, bila kuvunjika, akakiinua juu nikione.

"Mwenzangu, karatasi yao imesema nini?"

"Hakuna mafuta."

"Basi."

Hakumaliza hapo. Aliichuja supu kwa kichungio cha chai, mara mbili, mpaka ikawa nyembamba kama strungi, ile chai isiyo na maziwa, ndipo mama akapewa anywe. Kile kifuniko cha mafuta alinipa mimi nipake visigino, kwa sababu alisema visigino vyangu vinafanana na barabara ya kwenda kwetu. Nikakikanda ndani ya mkebe wa majarini, naye akakishindilia pembeni kwa kidole gumba. Nilipaka mara moja, mbwa akanifuata siku nzima, nikaacha.

Halafu wakaja akina mama wa kanisa kumwona mgonjwa. Nao wana desturi yao: kila mmoja anakuja na chakula, kinawekwa mbele ya mgonjwa, na wote wanakaa wakimwangalia anavyokula, na asipokula wanaumia. Kulikuwa na pilau. Kulikuwa na chapati zenye mafuta ya kuonekana mpaka kwenye karatasi. Mama alikunywa uji, akashukuru, akaomba maombi yafanywe mapema. Zile chapati zilikuwa saba. Najua zilikuwa saba kwa sababu nilizila mimi, jikoni, nimesimama, kwa niaba ya familia. Pilau pia. Nasema haya kwa sababu itakuja kuulizwa mama alikula nini, na katika nchi hii nzima shahidi wa jambo hilo ni mimi na tumbo langu.

Siku ya tatu mama alianza kuumwa. Kwanza bega la kulia. Alisema anahisi kama amebeba gunia la viazi upande mmoja kutoka shambani mpaka barabarani. Halafu tumbo likafura likawa gumu. Halafu akatapika kitu cha kijani ambacho sikukitania, na mimi natania kila kitu.

Tukampeleka pale pale alipopasuliwa. Tulikuta daktari kijana mwenye viatu vizuri sana. Si yeye aliyempasua mama; yeye alikuwa wa kuangalia wanaorudi. Alisikiliza nusu ya maelezo akasema ni gesi. Wakati wa upasuaji huwa wanapuliza gesi tumboni ili wapate nafasi ya kufanya kazi, na ile gesi inayobaki inauma mpaka begani, ni kawaida, atembeetembee. Kuanzia hapo nikambatiza Daktari Gesi. Labda angeishia hapo ningemsamehe. Lakini alikuwa amebakiza swali moja, akauliza mgonjwa amekuwa akila nini.

Shosho hajawahi kudanganya hospitali. Yeye anaamini wakikuuliza ni kwa faida yako. Akasema, amekunywa supu ya mbuzi.

Uso wa yule kijana ulifunguka kama wa mwanafunzi aliyeona jibu nyuma ya kitabu. Akaweka kalamu chini. Akacheka, na nesi mmoja kijana akacheka naye.

"Shosho, supu? Kwa mtu hana nyongo? Kwani ulitaka kummaliza?"

Nikamweleza habari ya jiwe, baridi, kifuniko, kichungio. Nilieleza vizuri, bila sauti za pua, bila kuigiza mtu. Akanijibu kwamba mafuta mengine hayaonekani kwa macho. Mama akadungwa sindano ya maumivu, akapewa dawa nyeupe ya chupa ya kutuliza tumbo, tukarudishwa nyumbani. Kitu kimoja nilikiona siku hiyo lakini sikukipa uzito mpaka baadaye: hakumgusa mama tumbo. Hata kidole. Alikuwa ameshapata supu, tumbo la nini tena.

Sindano ilimshika mama siku moja. Maneno yalishika zaidi. Sijui yalitoka pale kwa mlango gani, lakini kesho yake mwenyekiti wa akina mama alikuja peke yake, akakaa kwa ukingo wa kiti, akasema wamezungumza wakaonelea ni vizuri chakula cha mgonjwa kitoke kanisani kwa sasa, ili shosho apumzike. Alisema apumzike kwa ule upole ambao watu hutumia kumnyang'anya mlevi funguo. Aliondoka na chupa yetu ya supu, eti wataiosha. Kwenye mashine ya kusaga mahindi nilikuta wanawake wawili wakisema mama mkwe ni mama mkwe tu, na kwamba kulikuwa na maneno ya shamba kati ya hao wawili. Maneno ya shamba yaliyokuwepo ni kwamba mama alitaka kupanda njegere na shosho alitaka viazi. Walipoona ni mimi wakaanza kusifu mahindi.

Jioni baba akapiga simu. Niliishika mimi, sauti ikiwa nje, shosho akiwa anamenya viazi.

"Mami, si mliambiwa mafuta hapana?"

Shosho hakumwambia habari ya jiwe. Hakumwambia chochote cha kujitetea.

"Tuliambiwa," akasema, akaendelea kumenya.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata makao. Siyo kwa wale wa kusaga mahindi, wale wangesema hata kama mbuzi angejipika mwenyewe. Ni kwamba niliona mwenzangu ameanza kuamini. Alipomaliza viazi aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama nadhani kuna mafuta yaliyobaki chini ya sufuria, chini ya nyama, ambayo baridi haikuyafikia. Na mimi, mjinga, nilifanya ninachofanya siku zote. Nikamwambia kama ni hivyo basi itabidi tumshtaki, mimi nitakuwa wakili wa mbuzi.

Shosho hucheka mizaha yangu hata ile mibaya. Siku hiyo hakucheka. Aliniangalia tu, akainuka akaenda kulala na leso kichwani. Nimetoa mizaha mingi ambayo ilistahili adhabu, lakini huo mmoja ndio ningelipa nirudishiwe.

Siku mbili baadaye nilimtoa mama nje aote jua nikamwosha uso. Jua lilimpiga kwenye macho nikaona weupe wa macho si weupe. Ulikuwa rangi ya chai ya maziwa mengi. Mkojo wake tangu asubuhi ulikuwa umefanana na strungi. Alikuwa anatetemeka kwenye jua kali na mwili unachoma. Nikampigia baba, nikamwambia mama amegeuka njano. Kukawa na kimya upande wake, na nilijua hicho kimya ni cha nini. Alikuwa anajiuliza kama ni mimi au ni mizaha yangu. Nikakata simu nikapiga picha ya jicho, nikamtumia. Alipiga tena kabla sijaweka simu mfukoni. Akasema turudi hospitali, na akasema yuko Mtito Andei, njiani kwenda Mombasa, anageuza.

Nilichukua begi la shule nikatia ule mkebe. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na mkebe.

Daktari Gesi alimwangalia mama macho kutoka upande wake wa meza. Akauliza kama bado anakunywa supu. Shosho akasema hapana. Akauliza kama ana uhakika. Kisha akaanza kuandika. Mimi nasoma maandishi yaliyopinduka, ni ufundi niliojifunzia ofisini kwa naibu mwalimu mkuu, kusoma ripoti zangu kabla hajaniambia. Alikuwa anaandika kwa Kizungu, na kwa Kiswahili ni hivi: mgonjwa hafuati masharti ya chakula; mama mkwe anampa supu yenye mafuta.

Nikatoa mkebe nikauweka juu ya faili. Nikafungua.

"Mafuta unayoandika ni haya," nikamwambia. "Yote. Hayajaingia kwa mtu. Sasa mguse mama tumbo."

"Toa hiyo takataka kwa meza yangu."

"Mguse tumbo kwanza."

"Wewe uko shule gani?"

"Nimefukuzwa."

Alisimama. Akasema hakusoma miaka yote hiyo ili afundishwe na mtoto mwenye mkebe, na kwamba nisipotoka ataita mlinzi. Mama, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, alinyoosha mkono akanivuta sketi. Nikafunika mkebe. Nikatoka, na kama ningekuwa na ufunguo wa kile chumba ningekifunga kwa nje na kwenda nao Njoro.

Aliandika dawa ileile nyeupe na akaongeza ya minyoo. Minyoo. Naapa.

Kwenye korido kulikuwa na nesi mtu mzima, yule aliyembadilisha mama plasta siku ya kwanza. Alituona tukipita akamshika mama mkono, akamketisha kwenye benchi, na hapo hapo, watu wakipita, akaingiza mkono chini ya sweta akabonyeza. Mama hakupiga kelele, alifungua mdomo tu na sauti haikutoka. Yule nesi alirudisha mkono wake taratibu, kama mtu aliyegusa waya.

"Mpelekeni Nakuru," akaniambia. "Leo, si kesho. Na si mimi nimesema."

Basi ninasema ni yeye, lakini kwa kuwa sijasema ni nani wala wapi, siri yake iko salama.

Tulipofika nyumbani, jirani yetu alikuwa shambani anapakia viazi vya soko la Nakuru, lori likiwa nusu. Nilimweleza maneno matano. Aliwaambia vijana waache magunia yaliyobaki palepale kwenye mifereji, akageuza lori. Mama alikaa mbele, shosho akimshikia beseni. Mimi nilipanda juu ya viazi. Kutoka Molo mpaka Elburgon nilihesabu matuta kwa ngumi, kila tuta nilipiga gunia moja, kwa sababu nilijua mama analisikia kule mbele. Njoro tulipita mbele ya shule yetu. Kengele ya chakula ilikuwa inalia. Ngano ilikuwa imekomaa pande zote mbili za barabara, jua zuri, wanafunzi wa chuo wanatembea na vitabu vyao wakicheka, na mimi nilichukia kila kitu nilichokiona kwa kuwa kizuri siku hiyo.

Nakuru tulipokewa na daktari mwanamke, Mhindi, kijana, aliyezaliwa mjini hapo na mwenye Kiswahili cha mtaani kunishinda. Hakuuliza chakula. Alimlaza mama, akapasha mikono joto kwa kuisugua, akaiweka tumboni. Sekunde kama kumi. Kisha akaanza kutoa maagizo kwa watu watatu kwa wakati mmoja. Picha ikapigwa. Tumbo la mama lilikuwa limejaa maji ambayo si maji.

Wakati wanamwandaa, daktari alitoka kutueleza, na kabla hajafungua mdomo shosho alivua leso kichwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Daktari, ni mimi. Nilimpa supu."

Yule daktari alimwangalia, akaniangalia mimi. Nilimweleza habari ya jiwe na sufuria, haraka, nikitegemea kukatizwa. Hakunikatiza. Alichukua boksi la glavu, akaligeuza, akachora kwa kalamu upande wa chini. Alichora ini kama kilima, akachora paipu inayoshuka, na kando yake kijipaipu kifupi kilichokuwa kinaenda kwenye ule mfuko uliotolewa. Akasema ukitoa mfuko, unakiziba hicho kijipaipu kwa vibanio. Kibanio kimelegea. Tangu hapo nyongo inamwagika tumboni, kila saa, mchana na usiku, mgonjwa ale asile. Kisha akamuuliza shosho kama wana paipu ya maji shambani. Shosho akasema iko.

"Sasa ukikata paipu, mwisho usizibwe vizuri, maji yamwagike shambani kwenye kabeji. Utalaumu kabeji?"

"La," shosho akasema.

"Basi supu yako ni kabeji. Hata angekunywa maji matupu, angefika hapa. Tena ungempa mafuta kweli, bado hangefika hapa kwa sababu ya mafuta. Umeelewa, shosho?"

Shosho alisema ameelewa. Alifunga leso yake tena. Lakini alipokuwa anaifunga mikono ilikuwa inatafuta fundo na hailipati, nikamsaidia.

Walimtobolea mama ubavuni wakaingiza mpira mwembamba, na kilichotiririkia kwenye mfuko wa plastiki kando ya kitanda kilikuwa rangi ya oili iliyokwisha kazi, ile baba humwaga chini ya lori. Siku ya kwanza mfuko ulijaa wakaubadilisha, ukajaa tena. Baada ya siku kadhaa, joto liliposhuka, wakampitishia kamera mdomoni mpaka ndani na kumwekea kijibomba cha plastiki ili nyongo ifuate njia yake na lile tundu lipate kupona. Mimi na shosho tulilala Rhonda, mtaa mmoja wa Nakuru, kwa shangazi, na kila asubuhi shosho alitembea kutoka huko mpaka hospitali kwa miguu, akakataa kupanda kitu chochote. Baba alifika na lori likiwa bado limejaa viazi vya mtu. Aliuona ule mfuko unaning'inia kando ya kitanda, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Mama alipona. Nimeiandika haraka kwa sababu ndivyo ilivyotokea: wiki tatu za kuogopa, halafu asubuhi moja akanambia nywele zangu zinafanana na nyasi za paa, nikajua amerudi.

Nilimuuliza yule daktari wa Nakuru kama kibanio kililegea kwa uzembe. Aliniambia ukweli, kwamba kibanio kinaweza kumlegea yeyote, hata yeye, na kwamba kila anayepasua anajua siku yake inaweza kufika. Hilo nimelikubali. Sina hasira na kibanio. Hasira yangu ni kwamba Daktari Gesi aliwekewa ugonjwa mbele ya macho yake, bega, tumbo, homa, macho ya njano, mara mbili, na yeye akachagua supu. Kwa sababu supu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke mzee wa leso ambaye hatabisha.

Kwa hivyo tulirudi kwake. Baba, shosho na mimi. Baba alizungumza naye kwa adabu, kama anavyozungumza na trafiki. Daktari Gesi alikuwa ameshapata barua ya Nakuru. Akasema hayo hutokea, hata kwa wataalamu wakubwa, akasema maneno yaleyale ya yule daktari mwanamke, ila kwake yalitoka kama kitu cha kujifunika. Nikamwambia arekebishe alichoandika kuhusu mama mkwe. Akasema faili haifutwi. Nikamwambia basi aandike chini yake. Akasema ataangalia. Kisha aligeukia shosho akatabasamu.

"Shosho, habari ya nyumbani?"

Hiyo tu. Habari ya nyumbani. Nilingoja. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, na pua tayari.

"Nzuri, daktari," shosho akasema.

Nilitaka kuila ile meza. Kwenye lori, tukipanda kurudi, baba alianza kusema, Mami, ile siku kwa simu, akakwama hapo. Shosho akamwambia aangalie barabara.

Shuleni nilirudi nikiwa nimechelewa, na mzazi aliyenisindikiza alikuwa shosho, kwa kuwa mama bado alikuwa anatembea akishika kuta. Naibu mwalimu mkuu alieleza kosa langu kirefu, kwa pua, na niliona mdomo wa shosho unacheza. Alipoulizwa kama ana la kusema alisimama, ingawa hakuambiwa asimame.

"Huyu ni mwenzangu. Akisema kitu, mumsikize kwanza. Halafu ndiyo mumwadhibu."

Nilipewa wiki moja ya kuosha vyoo. Niliviosha vizuri.

Likizo ilipofika nilikuta jambo ambalo hakuna aliyenieleza kwa simu. Shosho alikuwa haingii jikoni. Alikuwa anamenya, anachambua, anaosha, lakini sufuria ikienda motoni anatoka. Mama alikuwa amemwomba supu mara mbili na kuambiwa atapewa uji. Akina mama wa kanisa walipokuja tena, safari hii kushukuru kwa uponyaji, na mwenyekiti wao na chupa yetu ambayo hatimaye ilikuwa imeoshwa, mama alingoja mpaka chai imemiminwa, akasema mbele yao wote kwamba anataka supu ya shosho, na hataki ya mtu mwingine. Shosho aliangalia kikombe chake, akasema sawa, lakini mwenyekiti arudi kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.

Mwenyekiti alikuja na gambuti na sweta mbili. Sufuria ilikuwa juu ya jiwe kando ya tangi, palepale. Shosho aliondoa sinia, kisha akarudi nyuma hatua mbili akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Toa wewe," akamwambia.

Yule mama hakuwahi kufanya hivyo maishani. Alipitisha kisu, kifuniko kikamvunjikia, akatoa vipande kimoja kimoja kwa vidole, akauliza kama vimeisha. Shosho akamwambia aangalie mwenyewe kama vimeisha. Aliangalia. Alichuja. Alichuja tena. Mikono yake ilikuwa imeganda na inang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko, na sikumwonea huruma hata kidogo. Mama alikunywa kikombe kizima akaomba kingine.

Nilidhani hapo ndipo pamekwisha. Kesho yake nikamkuta shosho amemsimamisha mama dirishani, amemvuta kope la chini kwa kidole gumba, anaangalia. Siku iliyofuata vilevile. Mama alimwambia yale maneno ya paipu na kabeji, akamwambia daktari alisema, na shosho akaitikia kwamba ndiyo, alisema, huku bado anaangalia. Siku ya tatu aliniita.

"Mwenzangu, wewe una macho mazuri. Njoo uone. Ni meupe?"

Nilienda nikaangalia vizuri, jicho la kulia kisha la kushoto, mama akiwa ametulia kama mtoto. Nikamwambia ni meupe. Sikuongeza mzaha.